Wikendi ya Rafu Rodi Garissa: Hesabu ya Gari, Mafuta na Pancha

Katika kila klabu ya magari ya 4x4 ya Nairobi hakosekani mwanachama ambaye kila mwisho wa mwezi amefunga kitu kipya garini: winchi, snoko, taa za paani, hema la juu ya gari. Mwulize wikendi ya Garissa itamgharimu pesa ngapi, naye atakutajia mafuta. Mafuta ni rahisi kuhesabu, basi kila mtu huanzia hapo na wengi huishia hapo. Lakini watu wawili wanaweza kukanyaga mchanga ule ule, wakala nyama ile ile, wakarudi Jumapili usiku mmoja akiwa ametumia elfu kumi na tatu na mwenzake zaidi ya elfu ishirini. Na mara nyingi aliyetumia nyingi ndiye aliyejua njia kidogo zaidi.

Tuanze na lami, maana ndiyo sehemu kubwa ya safari. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370: Thika, Mwingi, Nguni, Ukasi, Bangale, kisha Madogo na daraja la Mto Tana. Kwenda na kurudi ni 740. Rafu rodi yenyewe, ile ya vumbi na lagha, yaani mito mikavu ya mchanga, uliyoifuata, ukijitahidi sana kwa wikendi moja ni 150. Kwa hiyo karibu robo tatu ya mafuta yako huungua kwenye barabara ambayo hata Probox inaimudu.

EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo usinishike kwa senti. Hapa nimeweka petroli shilingi 185 na dizeli 175 kwa lita. Wewe weka bei ya mwezi wako. Garissa hulipa juu kidogo kuliko Nairobi, na ukizidi kwenda kaskazini bei inazidi kupanda hadi Mandera, ambako kwa kawaida ndiko mafuta yaliko ghali kuliko kote nchini.

Suzuki Jimny, kipenzi cha klabu siku hizi, nimeipa kilomita 12 kwa lita kwenye lami na 7 mchangani. Itakunywa kama lita 83, yaani shilingi 15,400 hivi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila tabo, nimeipa 7.5 na 5. Hiyo ni lita 129, shilingi 22,600. Ukiishia hapo Jimny imeshinda. Sasa hesabu vichwa. Jimny ina viti vinne, lakini vikikaliwa vyote hakuna pa kuweka hata jerikani moja ya maji, sembuse hema na tairi ya pili ya akiba. Ni gari la watu wawili: shilingi 7,700 kila mmoja. Land Cruiser inachukua wanne na mizigo yao: 5,650 kila mmoja. Isitoshe, tanki la Jimny ni lita 40. Ukitoka Nairobi limejaa, utafika darajani limebaki robo, na utajaza tena upende usipende.

Sisemi Jimny iachwe nyumbani. Mchangani ni nyepesi, inaelea mahali ambapo Land Cruiser iliyojaa inazama hadi ekseli, na ikikwama watu wawili wenye koleo wanaitoa. Nasema isiende peke yake, na isibebeshwe mzigo wa msafara mzima. Jimny mbili zikifuatana na Land Cruiser moja inayobeba maji, mafuta na vyakula vya wote ni mpango mzuri kuliko magari matatu ya aina yoyote ambayo kila moja limejipakia kivyake kana kwamba linahama.

Kwa asiye na gari la kazi hiyo, swali ni akodi wapi. Wengi hukodi Nairobi kwa sababu ofisi iko karibu na risiti ni nzuri. Chukua mfano wa shilingi 18,000 kwa siku pamoja na dereva, Ijumaa hadi Jumapili: 54,000. Ongeza mafuta 22,600, na malazi na chakula cha dereva kwa siku mbili, tuseme 5,000. Jumla 81,600, watu wanne, 20,400 kila mmoja. Njia ya pili ni kupanda basi hadi Garissa na kukodi gari huko huko. Weka nauli ya 1,500 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi: 12,000 kwa watu wanne. Land Cruiser ya Garissa na dereva wake, siku mbili kwa 15,000, ni 30,000. Mafuta ya kilomita 250 za huko, pamoja na mizunguko ya mjini, kwa shilingi 178, ni 8,900. Jumla 50,900, yaani 12,700 kwa kichwa. Bei za kukodi ni za mfano na utazibishania mwenyewe, lakini hata ukizisogeza huku na huku pengo halifutiki, kwa sababu katika njia ya kwanza unalipia siku nzima na tanki zima la gari kusafiri juu ya lami.

Kuna kitu kingine unachopata kwa dereva wa Garissa, nacho hakimo kwenye bei. Anajua lagha ipi ilipitika juzi na ipi imelainika. Akikutana na wachungaji wenye ngamia atasimama, azime injini, asalimie kwa Kisomali kabla ya kuuliza njia. Dereva wa Nairobi, hata awe stadi vipi, atafuata mstari wa bluu kwenye simu, na mstari huo haujui kama mvua imenyesha.

Ukimpigia mwenye gari wa Garissa, usianze na bei. Msalimie, umwulize hali ya watu wa nyumbani na hali ya mvua, ndipo uingie kwenye biashara. Ukimtajia siku na mahali, atakuuliza: "Mafuta yako au yangu?" Sema utayalipia mwenyewe. Gari lijazwe tanki mbele yako siku ya kutoka na lijazwe tena siku ya kurudisha. Mwenye gari anayetoa bei iliyojumuisha mafuta amejikinga kwa kukisia juu, au atakuwa anakuhesabia kila ukimwambia "tupite na huku kidogo". Na kabla ya kukubaliana, omba picha za mikanda ya viti vya nyuma, tairi ya akiba na jeki. Magari mengi ya huko ni ya kazi, yamebeba mifugo na magunia, na viti vya nyuma vinaweza kuwa mabenchi tu ya pembeni. Ukiwa na watoto, hapo ndipo gari la Nairobi linapostahili bei yake.

Sasa tairi, mahali ambapo pesa hupotea hasa. Adui wa gari Garissa ana majani mabichi na kivuli kizuri. Ni mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ambao leo umefunga kingo za Tana na pembe za mashamba. Mwiba wake ni mgumu kama msumari, na tawi lililokatwa kwa ajili ya ua wa zizi likiachwa njiani linakungoja kwa miezi. Mwiba ukiingia kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga, si taabu: fundi wa pancha atasukuma kamba ya mpira kwenye tundu na utaondoka kwa shilingi mia chache. Ukiingia ubavuni, tairi isiyo na chubu imekwisha. Hakuna kamba inayoshika ubavuni. Tairi mpya ya Prado au pikapu ya kisasa, kwa makadirio yangu, ni shilingi 20,000 hadi 30,000, na tairi moja ya namna hiyo imefuta kila ulichokiokoa kwenye mafuta.

Ndiyo maana Land Cruiser za kazi bado zinavaa tairi nyembamba za 7.50R16 zenye chubu, juu ya rimu ya chuma yenye pete. Zinanguruma kwenye lami na hazina urembo wowote. Lakini fundi aliyeketi chini ya mgunga akiwa na vyuma viwili na nyundo anaifungua, anaibandika chubu kiraka, anatia kipande cha tairi kuukuu ndani kuzuia tundu la ubavu, na unarudi nayo Nairobi. Tairi za saizi hiyo ni za kawaida katika maeneo haya kwa sababu polisi, mashirika na wafanyabiashara wa mifugo wote wanazitumia. Tairi pana ya kisasa ikipasuka Ijumaa jioni, huenda ukaingoja kwa basi la kesho. Hivyo kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu kabla ya safari, nunua tairi ya pili ya akiba. Winchi ingoje. Kwenye mchanga mtupu wa lagha, winchi bila mti wa kufungia ni pambo.

Kitu cha pili ni kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, ambayo bei yake haifiki nusu ya tairi moja. Ukiacha lami, punguza upepo wa tairi kutoka PSI 35 hadi kama 18, na gari lililokuwa likichimba kaburi lake litatembea juu ya mchanga. Ukirudi kwenye lami, jaza kabla ya kuongeza mwendo. Wanaokataa kupunguza upepo kwa uvivu wa kuujaza tena ndio wanaovutwa kwa kamba mchana kutwa, na ndio wanaorudi na klachi inayonuka.

Hapo ndipo klabu inapookoa pesa kweli, kwa sababu vitu vizito havina haja ya kununuliwa na kila mtu. Msafara wa magari manne unahitaji kamba moja nzuri ya kuvutia, mbao mbili za kutia chini ya tairi, koleo mbili, jeki moja ndefu yenye ubao wa kuikalisha mchangani, na sanduku moja la dawa. Michezo ya rafu rodi nchini imewazoesha watu kuona magari yaliyojengwa kwa mamilioni, hasa Rhino Charge, ambayo tangu 1989 imekuwa ikichangisha pesa za uhifadhi na ambayo ilisaidia kuuzungushia msitu wa Aberdare uzio. Lakini yale ni mashindano ya kukata njia fupi kupita majabali. Wikendi yenu ni ya kupita na kuona.

Kufika wapi, basi? Aliye na siku moja na nusu, au anayekuja mara ya kwanza, ninampeleka Bour-Algi, hifadhi ya jamii ya twiga kusini kidogo ya mji, kisha kando ya Tana kwenye mashamba ya ndizi na maembe. Twiga wa hapa ni wale wenye mabaka makubwa yaliyochorwa kwa mistari myeupe myembamba, na wamezoea watu na mifugo. Kilomita ni chache, mchanga upo, mamba wapo mtoni, na usiku unalala mjini. Kwa bei yake, sijui mahali pengine panapotoa zaidi.

Masalani ni shauri jingine. Ni kama kilomita 150 kutoka Garissa kushuka kusini, na karibu yake iko hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ambako mwaka 2012 hirola walitengewa eneo lenye uzio kuwakinga na wanyama wawindaji. Hirola ni miongoni mwa swala walio adimu kabisa duniani. Waliobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Kwenda na kurudi kunakula siku mbili kamili, ni lazima uwe umezungumza na wenye hifadhi mapema, na wikendi ya kawaida haitoshi bila Ijumaa nzima. Gharama ya mafuta kwa walioko Garissa nayo inapanda. Aende anayefuata hirola. Anayetaka mchanga tu hana sababu.

Wanaotaka kulala porini kwenye mahema wafikirie Kora, ingawa iko ng'ambo ya pili ya Tana, Kaunti ya Tana River. Unaiacha barabara ya Garissa pale Mwingi, unapita Kyuso, na hivyo unaokoa kilomita nyingi za lami. Ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo kuna ada ya KWS inayolipwa kupitia eCitizen. Fanya malipo ukiwa bado na mtandao, usiahirishe hadi langoni. Ndani hakuna duka, hakuna mafuta, na wageni ni wachache mno. Kaburi la George Adamson, aliyeuawa huko tarehe 20 Agosti 1989, liko Kampi ya Simba. Kora inadai magari yasiyopungua mawili na maji ya kila mtu, walau lita kumi kwa siku ukihesabu ya kupikia na ya radieta. Kwa klabu iliyo na magari yake, Kora ni nafuu kuliko Masalani. Kwa anayekodi kwa siku, sivyo, kwa sababu hakuna gari la kukodi la kuaminika linalokungoja Kyuso.

Dadaab, Liboi, Boni na Dodori ziondoe kwenye ramani ya starehe. Wajir pia si ya wikendi: ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Garissa, na utakuwa umeona dashibodi zaidi ya Wajir.

Hilo la Dadaab na Liboi linatuleta kwenye usalama, ambao una bei yake. Mji wa Garissa una pilikapilika zake za kila siku, lakini hakuna aliyesahau 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na barabara za karibu na mpaka zimewahi kutegwa mabomu. Kampuni za bima hazijasahau pia. Bima kamili ya gari la kibinafsi kwa kawaida haigusi ugaidi na ghasia za kisiasa mpaka uongeze malipo ya kipengele hicho. Soma pia kama inakubali gari nje ya barabara, na kama inakubali abiria wanaolipa. Wanachama wakichangiana mafuta ni jambo moja. Mwenye gari akitoza watu elfu nane nane kwa kiti ni biashara, na siku ya ajali bima ya kibinafsi ina sababu ya kukataa. Mwenye thadi pati pekee ajue kwamba analibeba gari lake mwenyewe mabegani. Mgeni wa kigeni aangalie onyo la nchi yake, kwa sababu bima nyingi za safari hukoma mahali serikali yake imesema asiende.

Kwa mtu mwenyewe, uanachama wa mwaka wa AMREF Flying Doctors, wanaosafirisha wagonjwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Wilson, ningeununua kabla ya taa za paani. Mengine hayana gharama: piga simu kituo cha polisi uliza hali ya njia, tembea mchana tu, na kila mtu awe na kitambulisho mkononi, maana darajani mtasimamishwa na kuulizwa, na gari moja likizuiliwa msafara mzima unapikwa juani.

Msimu nao huandika bili. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hugeuza udongo mweusi kuwa gundi, na lagha kavu inaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali bila wewe kuona wingu. Usipige hema ndani yake hata mchanga uwe laini vipi. Ila mto wenyewe huleta habari mapema. Tana inapitia mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, na yakijaa na kumwaga, maji hushuka Garissa siku chache baadaye. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 barabara ilikatika upande wa Madogo, na watu wakavushwa kwa mashua. Fuatilia matangazo ya KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, wiki moja kabla. Miezi ya Januari, Februari, na Juni hadi Septemba ndiyo ya kuaminika, joto likiwa juu ya nyuzi 30 mwaka mzima.

Kulala na kula hakuna hesabu ndefu. Chumba chenye feni mjini kinatosha kwa kijana. Baada ya siku ya vumbi, wengi wenye umri wangu watalipia kiyoyozi bila kujuta. Kula nyama ya mbuzi au ya ngamia, anjera asubuhi, chai ya maziwa ya ngamia, na itakugharimu kidogo kuliko makopo uliyonunua supamaketi. Friji la bia liache nyumbani. Mwezi wa Ramadhani safari inawezekana, ila mchana mikahawa mingi imefungwa na dereva wako amefunga. Usimpangie kuchimbua gari saa nane mchana.

Malipo ya awali yasizidi nusu. Yatume M-Pesa, na kabla ya kubonyeza, mwandikiane ujumbe: siku ngapi, mafuta ya nani, pancha ya nani, tairi ikipasuka ubavuni inalipwa na nani, na mto ukifunga barabara pesa zinarudi au tarehe inasogezwa. Anayekwepa kujibu hilo la tairi, tafuta mwingine.